Kazi Nyingi Mkononi Si Ukosefu wa Nidhamu

Kuna ushauri ulioenea mno siku hizi, na hutolewa kwa uhakika wa mtu asiyetarajia kubishiwa: maliza kazi moja kwanza, ndipo uanze nyingine. Mkufunzi wa ujasiriamali huwaambia akina mama wa kikundi. Mume humwambia mkewe anapoona kapu la ukili limekaa kando ya cherehani, na juu ya meza kitambaa cha kochi kilichofumwa nusu. Mama mkwe husema kwa sauti ya chini, ila ya kusikika, kwamba nyumba ya fulani imejaa viporo. Na methali ziko tayari kumuunga mkono kila msemaji: mshika mawili moja humponyoka, njia mbili zilimshinda fisi, mtaka yote hukosa yote.

Kwa mtu anayefanya kazi za mkono nyumbani, ushauri huu ni mbaya. Sisemi una kasoro ndogo za kurekebishwa. Nasema ni mbaya tangu shina lake. Humpunguzia kipato, humchosha mwili, na humtia haya kwa utaratibu uleule unaozifanya kazi zake ziishe. Mwanamke anayesuka mikeka, anayeshona kofia, anayefuma vitambaa na kuendesha cherehani chini ya paa moja hana budi kuwa na kazi kadhaa ambazo hazijaisha. Kazi zenyewe ndizo zinazodai hivyo, na asiyelijua hilo hajawahi kukaa nazo.

Tuanze na mkeka wa ukindu, kama unavyotengenezwa Unguja, Pemba na pwani ya Bara. Makuti machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunuka, huanikwa juani siku kadhaa mpaka yapauke, kisha huchanwa kuwa chane nyembamba za upana mmoja. Chane zinazotakiwa rangi huchemshwa sufuriani. Zamani nyeusi ilitoka kwenye mizizi ya mdaa na njano kwenye manjano ya jikoni. Leo nyingi ni rangi ya unga ya dukani. Chane zikitoka sufuriani huanikwa tena. Hapo ndipo ususi unapoanza, na ususi wenyewe hauzai mkeka. Unazaa ukili, utepe unaorefuka pima kwa pima na kuviringwa kapuni. Mkeka hushonwa mwishoni kabisa, ukili ukishatosha, kwa kuunganisha ukingo na ukingo mpaka upana upatikane, kisha pindo lizungushiwe.

Hesabu mahali ambapo kazi hii inamwambia fundi asubiri. Anasubiri jua la kwanza. Anasubiri rangi ikolee. Anasubiri jua la pili. Anasubiri ukili urefuke. Sasa mwenye kushika kanuni ya moja kwanza afanye nini siku ambazo ukindu uko uani? Akunje mikono? Na masika yakiingia Machi, mawingu yakatanda, ukindu mbichi ukakataa kukauka na kuanza kushika ukungu, asimame na kazi zote mpaka Juni? Kila mama aliyezoea kazi hii hukata na kuanika wakati wa kiangazi, akaweka akiba ya chane za mikeka zaidi ya mmoja. Rangi nayo huchemshwa kwa mkupuo, kwa sababu sufuria ya pili haitoi wekundu uleule wa sufuria ya kwanza. Chane zinazobaki hungoja mkeka ujao. Basi kabla mkeka wa kwanza haujashonwa, wa pili umeshaanza, na hakuna uzembe wowote uliotendeka. Ni ukindu uliopanga ratiba, na fundi ameitii.

Sasa weka kofia kando ya mkeka huo. Kofia ya vito, ile inayodariziwa kwa mkono Zanzibar, Lamu na Pate, hushonwa juu ya kitambaa cheupe cha tabaka mbili. Huchorwa kwanza, kisha huingiwa na sindano: matundu madogo mengi, kila moja likizungushiwa uzi mpaka ukingo wake ukaze na kuwa mgumu. Tundu likizidi kidogo, ua zima hupinda, na mnunuzi anayezijua kofia huliona kwa mtazamo mmoja. Kofia nzuri huchukua wiki nyingi. Iliyo bora zaidi huchukua miezi. Kazi ya namna hiyo inataka mwanga wa mchana na macho ambayo hayajachoka. Tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, ukijaliwa utulivu, unaweza kuifanya. Baada ya magharibi, chini ya taa hafifu, unaiharibu.

Je, baada ya magharibi mikono ikae bure? Hapana, kwa kuwa ukili mtu aliyeuzoea huusuka kwa kupapasa. Vidole vinaijua njia. Macho yanaweza kuwa kwa mtoto anayefanya hesabu za shule, na masikio kwa jirani aliyekuja barazani. Chane hunyunyiziwa maji kidogo zisikatike, na pima zinaongezeka huku mazungumzo yakiendelea. Cherehani kwa upande wake inataka meza, nafasi ya kutandaza kitambaa, na mtoto anayetambaa awe amelala au amebebwa na mwingine, maana miguu iko kwenye pedali na mikono iko karibu na sindano inayokwenda mbio. Lakini usiku nyumba ikilala, kelele zake hazivumiliki. Kufuma kwa kulabu nako ni kazi ya safarini: uzi na kulabu vinaingia mkobani, vinakwenda kliniki, vinakaa kwenye foleni, vinapanda daladala.

Kazi hizi nne hazigombanii saa moja. Kila moja ina saa yake, mahali pake na kiwango chake cha utulivu. Mwanamke anayezishika zote anatumia saa ambazo kazi moja pekee isingeweza kuzitumia. Mwambie aache tatu mpaka ya nne iishe, na saa alizokuwa akizigeuza kuwa mali zitapotea bila kazi ile ya nne kuongezewa hata dakika moja. Ukimwondolea ukili wa usiku, hujampa mwanga wa kushonea kofia. Umemnyang'anya ukili tu.

Mwili nao una haki yake katika mjadala huu. Kidole gumba kinachochana ukindu, kiganja kinachobana kitambaa cha kofia, mgongo unaoinamia cherehani, shingo inayofuata kulabu: kila kazi ina kiungo inachokielemea. Anayerudia mwendo mmoja kutwa, siku baada ya siku, huumia, na maumivu hayo ndiyo yaliyowaachisha mafundi wengi kazi zao mapema. Kubadilisha kazi ni kupumzisha kiungo bila kusimamisha kipato. Wanaohubiri kung'ang'ania kazi moja huzungumzia nia na ari, lakini mikono haishoni kwa ari peke yake.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa maana hapo ndipo wakufunzi wanapojiona wana hoja isiyojibika. Wanasema: kila kazi isiyokwisha ni fedha iliyolala; maliza, uza, uzungushe mtaji. Hoja hiyo ina uzito pale ambapo kazi zote zina urefu mmoja na malipo ya namna moja. Nyumbani hazina. Kofia hulipa baada ya miezi. Mkeka hulipa baada ya wiki kadhaa. Kufupisha suruali, kubadilisha zipu au kutia kiraka kwenye sare ya mtoto hulipa leo, na fedha yake hununua unga leo. Mwanamke anayeshona kofia peke yake, asiguse kitu kingine mpaka iishe, atakula nini katika miezi hiyo? Atakopa, kisha ataiuza kofia kwa bei ya kukimbiza deni. Mwenye kazi fupi pembeni anaweza kumgomea mnunuzi anayetaka kumpunja. Kazi ndefu hulishwa na kazi fupi. Ondoa fupi, na ile ndefu hufa au huuzwa kwa hasara.

Tena soko halina msimu mmoja. Sare za shule hutakiwa Desemba na Januari, Tanzania na Kenya pia. Sweta za watoto hutakiwa Njombe, Makete na Lushoto baridi inapoingia, Juni hadi Agosti, kwa hiyo mfumaji aanze mapema. Harusi zina wakati wake, na sare za harusi huja kwa haraka. Kofia na kanzu huzifuata Idi, na Idi hufuata mwezi, si kalenda ya ukutani. Ramadhani hurudi nyuma kwa kiasi cha siku 11 kila mwaka. Mwaka 2023 na 2024 iliangukia Machi na Aprili, masika yakiwa yameingia, ukindu ukiwa haukauki. Mwaka 2030 itaanza mapema Januari, na nyingine itaanza mwishoni mwa Desemba ya mwaka huohuo. Fikiria Januari hiyo: wazazi wanataka sare za shule wiki hii, na waumini wanataka kofia kabla ya Idi ya mwanzoni mwa Februari. Anayefuata kanuni ya moja kwanza atachagua msimu mmoja na kuupoteza mwingine. Anayeijua kazi yake atakuwa ameianza kofia miezi mingi nyuma, ataiacha kidogo Desemba akate sare, kisha ataimalizia. Nani kati ya hao wawili ndiye asiye na mpango?

Kuna hoja ya ubora, nayo nitaijibu kwa heshima kwa sababu mafundi wenyewe wanaijua. Ni kweli kwamba mkono hubadilika. Kitambaa kilichofumwa nusu, kikawekwa miezi, kikirudiwa, mara nyingi nusu ya pili huwa imelegea au imekaza kuliko ya kwanza. Ukili nao hivyo hivyo: ukiuacha mno, upana wake hukataa kulingana, na mkeka ukishonwa huvuta upande. Lakini angalia hoja hii inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba kazi isitelekezwe. Haithibitishi kwamba ziwe moja moja. Aliye na kazi nne na akaigusa kila moja ndani ya wiki, mkono wake unazikumbuka zote. Aliye na moja tu, akaichoka akaisukuma chini ya kitanda mpaka mfungo sita, huyo ndiye atakayeirudia kwa mkono mgeni. Kinachoharibu kazi ni muda mrefu wa kuisahau, na muda huo humpata hata mwenye kazi moja.

Vilevile fedha iliyo ndani ya kazi zilizosimama haijafa kama inavyodaiwa. Ukili usiotosha mkeka hushonwa ukawa msala, au kitanga cha kuandalia chakula. Kitambaa cha kulabu kisichopendeza hufumuliwa, na uzi wake ukarudi kuwa uzi. Sababu ya fundi kuwa na uzi mwingi kabatini nayo inaeleweka: uzi wa rangi moja ukinunuliwa mara mbili, kwa nyakati tofauti, hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana wazi katikati ya kazi. Heri kununua wa kutosha mara moja. Kinachotisha kweli ni kitambaa kilichokatwa, kwa kuwa mkasi haurudi nyuma. Gauni likishakatwa kwa kipimo cha mteja halifumuliwi likawa doti. Basi kanuni ya busara inatofautiana kwa kila kazi: mfumaji anaweza kuanza na kuahirisha bila hasara kubwa, mshonaji asikate mpaka awe tayari kukaa kwenye cherehani. Kanuni moja iliyobandikwa juu ya kazi zote inaonyesha kwamba aliyeitunga hazijui.

Nakubali kwamba yupo mtu anayeanza kumi asimalize hata moja, ananunua uzi kwa kuupenda tu, na wateja wanamtafuta kwa simu asipokee. Tatizo lake ni la kweli, na wateja wake wana haki ya kulalamika. Lakini dawa yake ni utaratibu, na akina mama wengi wanaoziweza kazi hizi wameshauweka bila kufundishwa na semina. Kila kazi ina mfuko wake, ndani yake sindano yake, uzi wake na alama ya mahali ilipoishia. Kazi ya aina moja haianzwi mara mbili: chane za akiba zinaweza kuwa nyingi, ukili unaosukwa ni mmoja, nyuzi zinaweza kuwa nyingi, kitambaa kilicho kwenye kulabu ni kimoja. Kazi yenye mteja aliyelipa hutangulia ile ya kujifurahisha. Isiyosogea kwa msimu mzima huamuliwa: imalizwe, igeuzwe kuwa kitu kidogo, au ifumuliwe. Nyumba yenye utaratibu huo inaweza kuwa na kazi tano wazi na isiwe na kiporo hata kimoja.

Mbona basi lawama zinaendelea? Nenda Darajani, Kariakoo au Marikiti, umtazame fundi cherehani wa barazani. Nyuma yake zimetundikwa nguo za wateja wengi, nyingine hazina mikono, nyingine hazina pindo. Hukata kadhaa kwa mkupuo. Hushona mishono yote ya uzi mweupe kabla hajabadili uzi. Hukusanya zinazotaka ovaloki na matundu ya vifungo, akazipeleka pamoja kwa mwenye mashine hizo. Hakuna anayemwambia amalize moja kwanza. Tunasema fundi huyu ana wateja. Akifanya hivyohivyo dada yake ndani ya nyumba, tunasema hatulii.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo hili. Lawama haihusu idadi ya kazi. Inahusu mahali zinapofanyiwa na nani anazifanya. Kazi ya barazani huitwa kazi. Kazi ya sebuleni huitwa ya kupitishia wakati, na kwa kuwa ni ya kupitishia wakati, kila mtu anajiona ana ruhusa ya kuipanga kwa niaba ya mwenyewe. Nyumba inakula fedha ya ile kofia, lakini bado inaudhika kuiona mezani.

Na historia ya kazi za mkono katika eneo letu inawakana walaumu hawa. Viondo vya Ukambani na Ukikuyu, nchini Kenya, vilisukwa na wanawake waliokuwa wakienda sokoni, wakirudi shambani, wakikaa mkutanoni. Uzi wa mkonge ulisokotwa pajani wakati wa mapumziko, na kiondo kikaendelea njiani, mikono ikifanya kazi miguu ikitembea. Katika miaka ya 1970 na 1980 vikapu hivyo vilivuka bahari vikauzwa Ulaya na Marekani. Bidhaa iliyoipatia nchi fedha za kigeni ilitoka katikati ya kazi nyingine, kwa mikono ya wanawake ambao hawakuwahi kupewa siku nzima ya kufanya jambo moja. Kama wangengoja siku hiyo, kusingekuwa na kiondo cha kusafirisha.

Ndiyo maana nasema kanuni ya moja kwanza ni ya mtu ambaye siku yake haikatwi. Ni kanuni ya mwenye mlango wa kufunga, ambaye hapikii wengine, hanyonyeshi, haitwi na mgonjwa chumba cha pili. Kwake inaweza kuwa nzuri, na simzuii. Lakini mwanamke anayefanya kazi nyumbani hupewa siku yake vipande vipande: dakika ishirini kabla ya maziwa kuchemka, saa moja mtoto akilala, robo saa kituoni. Bandu bandu huisha gogo, lakini lazima kuwe na shoka linalofaa kila nafasi. Anayebaki na kazi moja inayotaka saa tatu za utulivu hatapata saa tatu hizo, na kazi hiyo ndiyo itakayooza.

Kwa hiyo nina maneno kwa watu watatu. Mkufunzi, kabla ya kuwafundisha akina mama wa kikundi nidhamu, waulize ukindu hukauka siku ngapi, kofia huchukua muda gani na soko lao hufunguka mwezi gani. Ukishajua, andika somo lako upya. Mume, kapu la ukili lililokuudhi limewahi kulipa ada, na litalipa tena; litafutie rafu, na utengeneze taa ya chumba kile. Mteja, wewe ndiye sababu kubwa ya kazi nyingi kusimama, kwa maana huagiza kwa mdomo mtupu, hubadili kipimo katikati, na kofia ikiwa tayari husema fedha bado. Ukitaka kazi yako iishe, lipa arbuni siku unayoagiza, taja tarehe unayoihitaji, umalizie malipo siku unayoichukua, na umwachie fundi uamuzi wa kazi ipi aishike saa ipi.